Kutoka Yiwu hadi Penglai, nyuma ya Jenerali Qi Jiguang

Jumatatu, Yiwu

Kariakoo hakuna asiyeujua mji huu. Zipu, vifungo, maua ya plastiki ya kumbi za harusi, vibanio vya nywele, miavuli, na hizi kufuli ninazouza mimi, asili yake ni soko la Yiwu, mkoani Zhejiang. Safari hii mzigo haujatoka kiwandani. Ajenti anasema wiki ijayo, na wiki ijayo ya ajenti haina kalenda. Badala ya kukaa hotelini kutazama dari nimempigia mpwa wangu anayesoma Hangzhou. Ana nafasi kabla ya mitihani, Kichina anakisoma mpaka kile cha zamani kidogo, na nauli nalipa mimi, kwa hiyo hakubisha.

"Mjomba, tunakwenda wapi?"

"Kumfuata Qi Jiguang."

Alinyamaza kidogo. "Yule jenerali?"

Yule yule. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulijua kwamba fundi wa kung fu ni mtu mmoja anayewalaza arobaini peke yake, shati limechanika, damu mdomoni. Baadaye, nilipoanza mazoezi ya kweli, mwalimu wetu akatutajia mtu huyu: amezaliwa 1528, amekufa 1588, mwanajeshi tangu ujana mpaka uzeeni, mwandishi wa kitabu cha vita kiitwacho Jixiao Xinshu. Ndani ya kitabu hicho mna sura nzima ya mapigano ya mikono mitupu, yenye mikao 32 na michoro yake. Mingi ya mikao ile ungali unaisikia leo kwa walimu wa taijiquan, ile wengi wanaiita tai chi. Na huyo huyo aliyeichora aliandika, bila kumung'unya maneno, kwamba ngumi hazina kazi kubwa kwenye vita vya majeshi. Kauli hiyo imenikaa kichwani miaka mingi.

Jeshi lake alilikusanya hapa hapa Yiwu. Mwaka 1555 alihamishiwa Zhejiang kupambana na maharamia walioitwa wokou, majambazi wa Kijapani. Mwaka uliofuata, mahali panapoitwa Longshan, askari wake walianza kutimua mbio mbele ya kundi dogo kuliko wao. Akapanda juu ya jiwe, akavuta upinde, na kwa mishale mitatu akawaangusha viongozi watatu wa maharamia. Filamu ingeishia hapo, watu wapige makofi. Lakini yeye alitoka pale akijua kwamba upinde wake umeokoa siku moja tu, na kwamba askari waliokimbia leo watakimbia na kesho.

Ndipo habari za Yiwu zilipomfikia. Mwaka 1558 watu wa huku walipigana miezi kadhaa na watu wa wilaya jirani waliokuja kuvamia machimbo yao. Hawakuwa askari. Walikuwa wachimbaji na wakulima, silaha zao majembe na fito, na waliwatoa wenzao mbio. Mwaka 1559 Qi akaja kuandikisha watu, kama 3000, akiwa na umri wa miaka 31 hivi.

Masharti yake ya kuandikisha mpwa alinisomea tukiwa tunakula tambi. Wajanja wa mjini hataki hata kuwaona: wenye macho yanayocheza, ngozi laini, mwendo wa madaha, wanaoongea na wakubwa bila kutetereka. Anamtaka mtu wa shamba, mweusi wa jua, mpana, mwenye mikono migumu na rangi ya udongo kwenye ngozi. Kuhusu mafundi wa ngumi na fimbo waliozoea kuonyesha umahiri wao viwanjani, anasema anayejua vitu vya maonyesho humwona adui akasahau vyote.

Mama anayeniuzia kufuli anamjua Qi Jiguang tangu shule. Nilipomuuliza kama ukoo wao una mtu aliyekuwa jeshini kwake alicheka, akasema yeye anachojua ni babu yake, aliyekuwa akizunguka vijijini na miti ya kubebea begani, akibadilishana sukari na manyoya ya kuku. Biashara ya Yiwu ilianzia kwenye manyoya hayo. Nikaiangalia mikono yake: vidole vifupi, vipana, kucha zimekatwa mpaka nyamani. Jenerali angemwandikisha.

Jumanne, Xixing

Treni ya kasi kutoka Yiwu mpaka Hangzhou unamaliza kabla hujapata usingizi. Tukachukua treni ya chini ya ardhi mpaka Xixing, ng'ambo ya mto Qiantang, unakoanzia mfereji wa zamani wa Zhejiang Mashariki. Mtaa wa zamani umebaki kipande: nyumba za mbao ukingoni mwa maji, nguo zimeanikwa kwenye mianzi, wazee wanacheza karata.

Nimekuja hapa kwa ajili ya mazungumzo mafupi tu yaliyomo kwenye kitabu. Katika mnara mmoja wa ukingo wa mto, hapa Xixing, Qi alifundishwa mkuki na Tang Shunzhi. Tang alikuwa msomi, aliyewahi kushika nafasi ya kwanza katika mtihani wa taifa wa 1529, na wakati ule alikuwa ofisa aliyepewa kazi ya ulinzi wa pwani. Ncha ya mkuki hufundishwa kuzungushwa, ili kuusukuma pembeni mkuki wa adui kabla ya kuchoma. Qi akauliza: wengine wote nawaona wakizungusha duara la futi tano, kwa nini wewe unazungusha futi moja tu? Tang akajibu kwamba mtu aliyesimama ubavu hana upana wa kufika hata futi moja. Ukiusogeza mkuki wake kiasi hicho, umeshakukosa. Ukiupeleka mbali zaidi hupati faida, na nguvu umezimaliza mwenyewe.

Qi akauliza tena: duara hilo dogo linachukua muda gani kulijua?

Miaka kumi.

Mpwa wangu alikunja mwavuli wake akajaribu. Duara la kwanza lilikuwa kubwa kama sinia la pilau. Akapunguza, akapunguza tena, mwisho ncha ikaanza kutetemeka na kiwiko kikapaa juu. "Bega linauma," akasema. Mzee mmoja aliacha karata zake, akaja, akakishika kiwiko kile akakishusha mpaka kikagusa mbavu, akarudi kucheza bila kusema neno. Ncha ya mwavuli ikatulia.

Jumatano, Linhai

Mashariki mwa Zhejiang, karibu na bahari, Linhai ulikuwa makao ya mkoa wa zamani wa Taizhou. Ukuta wa mji unapanda kilima kwa ngazi kali kutoka ziwa la mashariki, kisha unateremka na kufuata mto Ling. Ulijengwa karne nyingi kabla ya Qi. Yeye na mkuu wa mkoa, Tan Lun, waliuimarisha na kuuongezea minara 13 iliyo wazi ndani, ambamo askari wanaweza kulala na kuweka baruti. Tulipofika juu mapaja yalikuwa yanawaka. Chini tulikula bakuli la maixia, vipande vya unga wa ngano vinavyokatwa kwa kisu moja kwa moja ndani ya supu inayochemka, na tukalala mapema.

Alhamisi, Linhai

Sasa nieleze lile jeshi, maana hapa ndipo lilipojulikana.

Kikosi kimoja kilikuwa na watu kumi na wawili, na muundo wake waliuita jozi za bata wa kichina, wale ambao dume na jike hawaachani. Mbele kiongozi mwenye bendera. Nyuma yake wawili wenye ngao, mmoja ngao ndefu, mwingine ngao ya mviringo ya henzerani. Kisha wawili wenye kitu kinaitwa langxian. Kisha wanne wa mikuki mirefu. Kisha wawili wenye uma wa vita wa meno matatu. Wa kumi na mbili ni mpishi, anayebeba sufuria kwa mti wa begani.

Langxian ndiyo iliyonileta kwenye jumba la makumbusho asubuhi hii, na wanayo moja ya mfano. Ni mwanzi mzima, mrefu wa mita nne na ushee, ambao matawi yake hayakupunguzwa. Yameachwa pande zote, tabaka juu ya tabaka, na ncha imevishwa chuma. Kwa mbali unadhani mtu ameng'oa mti. Maharamia walikuja na panga ndefu za Kijapani, makali yake ya kutisha, na wanaozitumia walikuwa wamezizoea tangu utotoni. Mkulima wa Yiwu aliyefundishwa miezi michache hawezi kumshinda mtu huyo upanga kwa upanga, na Qi hakujidanganya juu ya hilo. Akampa mkulima yule kichaka. Upanga ukikata tawi moja, kuna mengine tisa, na ncha ya chuma iko usoni. Wakati mwenye upanga anahangaika na matawi, mikuki inapita pembeni.

Mwenye langxian haui mtu kirahisi. Kazi yake ni kuzuia. Mwenye ngao naye kazi yake ni kuwakinga wengine, mwenye uma kumlinda mwenye mkuki adui akishapita ncha. Kila mmoja peke yake ni mtu aliyekwisha kufa. Kwa pamoja ni kitu kingine, na kilichowashikisha pamoja hakikuwa upendo tu: kiongozi akiuawa na kikosi kikikimbia bila kuua adui, kikosi kizima hukatwa vichwa. Nisiipake asali. Mtu huyu alikuwa mkali kupita kiasi, na nusu ya nidhamu anayosifiwa ilikuwa hofu.

Uwanjani kwake kucheza na kurukaruka kulikuwa marufuku. Maelezo yake yananifurahisha kwa jinsi yalivyo makavu: katika vita vikubwa mamia ya watu wanasonga kwa safu, jasiri hawezi kutangulia, mwoga hawezi kubaki nyuma, kichaka cha mikuki kinakuja na kichaka cha mikuki kinakwenda, hata kugeuza mkono ni taabu. Utapata wapi nafasi ya kuruka kulia na kushoto?

Basi kwa nini sura ya ngumi? Anaijibu mwenyewe. Mikono mitupu inalainisha viungo, inamzoesha mwili mtu asiyewahi kushika silaha. Ni mlango wa kuingilia, ukishaingia unachukua fimbo, mkuki, upanga. Ile mikao 32 aliichambua kutoka kwa mitindo ya watu wa zama zake, akalalamika kwamba kila bingwa ana kipande: mmoja hodari wa mateke, mwingine wa kukamata, mwingine wa kuangusha, hakuna aliyekamilika. Leo alfajiri kando ya ziwa tulikuta akina mama kama ishirini wakifanya taijiquan na kipaza sauti kidogo. Jogoo wa dhahabu amesimama kwa mguu mmoja. Mjeledi mmoja. Majina yote mawili yamo kwenye kitabu cha jenerali. Niliingia mstari wa nyuma nikafuata mpaka goti langu la kushoto likakataa.

Mwaka 1561 jeshi la Yiwu liliwapiga maharamia mfululizo katika mkoa huu wa Taizhou. Kwenye mlima Shangfeng, njia ya kwenda Xianju, askari walikaa kimya kila mmoja ameshika tawi la msonobari mbele yake, maharamia wakapita chini wakidhani ni msitu. Mwaka huo huo vitani Qi alipata kitabu cha upanga cha Kijapani. Wengine wangekichoma. Yeye alikaa nacho, akakisoma, akatunga mafunzo ya upanga mrefu kwa askari wake mwenyewe.

Lakini hao Wajapani. Mimi kama mfanyabiashara siwezi kuliacha hili. Sehemu kubwa ya wokou wakati ule walikuwa Wachina. Zaidi ya miaka mia moja tangu meli za amirali wa Kichina Zheng He zifike mpaka Malindi, serikali ya Ming, ukoo wa kifalme uliotawala China wakati ule, ilikuwa inakataza raia kufanya biashara ya baharini. Fedha za Japani zinaitaka hariri, hariri iko huku, na mtu akipeleka anakatwa kichwa. Unategemea nini? Mkuu wao aliyejulikana zaidi, Wang Zhi, alikuwa mfanyabiashara kutoka Anhui aliyehamia visiwa vya Japani. Aliomba njia ya halali ifunguliwe, akaja kuzungumza, akakamatwa na kuuawa Hangzhou. Mwaka 1567 serikali ikaruhusu biashara katika bandari ya Yuegang huko Fujian, na uharamia ukapungua sana. Mpwa anasema Qi alishinda kwa langxian. Nami nasema forodha ilimsaidia. Tumebishana mpaka chai ikapoa, hatukupatana.

Ijumaa, kwenye treni kwenda kusini

Reli inafuata pwani: Wenzhou, halafu Fujian, milima inaingia mpaka majini. Karibu na Ningde maji yalikuwa yamekupwa. Tope jeusi mpaka upeo wa macho, miti ya kuanikia mwani imesimama mistari mistari, na watu wanateleza juu ya tope hilo kwa mbao.

Mwaka 1562 maharamia walijichimbia huku, kwenye kisiwa cha Hengyu. Maji yakijaa, meli za serikali zinakwama kwenye miamba. Yakikupwa, mtu anazama magotini kwenye tope. Qi aliwaambia kila askari abebe tita la majani makavu. Maji yalipokupwa wakatandika majani juu ya tope, wakatambaa nusu uchi wakisonga kwa mlio wa ngoma, ngoma ikinyamaza wanapumzika, ikilia wanasonga. Kabla maji hayajarudi kisiwa kilikuwa chao. Mzaliwa wa pwani yoyote anaelewa hesabu iliyokuwa ndani ya ngoma ile: saa za kupwa hazikungoji.

Jumamosi, Fuzhou

Mji mkubwa, joto bado lipo hata mwezi huu wa Novemba. Kilimani Yushan, katikati ya mji, pana hekalu lake na mwamba ambao inasemekana aliulalia akiwa amelewa baada ya karamu ya ushindi. Nilichokipenda kiko mitaani. Ni mkate mdogo mkavu, mpana kama kiganja cha mtoto, wenye tundu katikati, unaookwa kwa kubandikwa ukutani mwa tanuri. Unaitwa guangbing, kwa jina lake. Watu wa Fuzhou wanasema askari walipitisha kamba kwenye tundu wakaivaa shingoni, ili wasisimame kupika wanapomfukuza adui. Yule mpishi wa kumi na mbili sijui alijisikiaje. Nilinunua mfuko mzima. Ukiwa wa moto ni mtamu, ukilala usiku mmoja unatafuta meno.

Kuna hadithi nyingine huku, kwamba Qi alimwua mwanawe wa kumzaa kwa kukiuka amri vitani. Ina mashairi na michezo ya jukwaani. Miaka ile ya vita vya Zhejiang na mwanzo wa Fujian hakuwa na mwana wa kumwua, jambo lililomsumbua sana nyumbani kwake, na nitalifikia.

Huko Quanzhou, kusini ya hapa, ndiko alikotoka mwenzake Yu Dayou, aliyezaliwa 1503, jenerali na fundi wa fimbo ambaye Qi alikiingiza kitabu chake kizima ndani ya chake. Mwaka 1561 Yu alipita hekalu la Shaolin kutazama fimbo yao iliyosifika. Akawatazama, akawaambia watawa kwamba ufundi wa kweli umewapotea, na akaondoka na watawa wawili vijana kwenda kuwafundisha upya. Fikiria ujasiri wa kusema hivyo, Shaolin, mbele ya mkuu wa hekalu! Nilitamani kufika Quanzhou, lakini tiketi za ndege za kesho tumeshakata.

Jumapili, Beijing

Ndege, foleni, baridi. Nimenunua koti.

Jumatatu, Jinshanling

Zaidi ya kilomita 120 kaskazini mashariki ya Beijing, Ukuta Mkuu unakaa juu ya mgongo wa milima na minara yake inafuatana kama iliyopandwa kwa kamba. Minara hii ni ya Qi. Aliitwa kaskazini mwishoni mwa 1567 kwa sababu wapanda farasi wa Mongolia walikuwa wakivamia karibu kila mwaka. Mwenyewe aliwahi kuliona hilo: mwaka 1550, akiwa Beijing kwa mtihani wa kijeshi, mkuu wao Altan Khan alifika mpaka kwenye malango ya mji mkuu. Miaka 16 alikaa akilinda upande huu, muda mrefu kuliko alivyopigana na maharamia, ingawa umaarufu wake wote uko kule.

Ukuta wa awali ulikuwa na askari waliosimama juani na kwenye theluji, mishale haina pa kuwekwa. Akaleta wazo la Linhai: mnara wenye vyumba ndani, madirisha pande zote, akiba ya chakula na baruti, askari 30 mpaka 50 wanaishi humo. Aliomba ajenge 3000. Akajenga zaidi ya 1000, na nadhani hata hiyo ilitosha kumchosha kila mtu. Tofali zina mihuri. Nilipapasa moja kwa kidole: mwaka wa utawala wa mfalme Wanli na jina la kikosi kilichoichoma, herufi zimezama vizuri, pembe bado kali. Tofali likivunjika unajua wa kumuuliza. Kiwanda changu cha kufuli kingejifunza kitu hapa.

Askari wa kaskazini aliowakuta hawakupenda kufundishwa. Akaomba watu wake wa kusini, akaletewa 3000 kutoka Zhejiang. Siku walipofika walipangwa nje ya mji, mvua kubwa ikaanza kunyesha. Walisimama tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, hakuna aliyesogeza mguu. Askari wa mpakani wakashikwa na hofu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kung fu kubwa kuliko teke lolote nililowahi kuliona, na haina hata mshindo mmoja wa kuweka kwenye filamu.

Wengi wa watu hao hawakurudi kwao. Walipewa minara, wengine wakaleta wake, na mpaka leo kuna vijiji chini ya ukuta upande wa Funing, kuelekea baharini, ambavyo familia zake zinajitaja kuwa wajukuu wa askari wa Yiwu. Mwaka 1593, Qi akiwa ameshakufa, askari wa kusini waliomo kwenye mkondo wake walikuwa wa kwanza kupanda kuta za Pyongyang katika vita vya kuwatoa Wajapani Korea. Waliahidiwa tuzo. Mwaka 1595, wamerejea huku kwenye ukuta, wakaidai tuzo na mishahara yao, jenerali wa wakati huo akawaita uwanjani bila silaha akawaua kwa wingi, kwa kisingizio cha uasi.

Mpwa alinisomea hilo tukiwa ndani ya mnara, upepo unapiga madirishani. Sikuwa na la kusema. Nimeona mikataba mingi inavunjwa, lakini wale walikuwa watu waliosimama mvuani.

Jumatano, Penglai

Ndege mpaka Yantai, basi mpaka hapa, pwani ya kaskazini ya mkoa wa Shandong. Kwao Qi ni hapa, ingawa alizaliwa karibu na Jining. Babu wa mababu alikufa vitani Yunnan 1381 akimpigania mwanzilishi wa Ming, na kwa damu hiyo ukoo ukapewa uofisa wa kurithi wa ngome ya Dengzhou, ndiyo Penglai ya leo. Baba yake, Qi Jingtong, alipata mtoto huyu uzeeni. Alikuwa ofisa maskini kwa sababu alikataa rushwa, na siku moja alimwona mwanawe amevaa viatu vya hariri, akamgombeza vikali: leo viatu vya hariri, kesho nyama nzuri, keshokutwa utakula mishahara ya askari. Mwaka 1544 mzee akafariki na kijana akarithi cheo.

Mtaani kwao yapo malango mawili ya mawe ya 1565, aliyopewa ukoo kwa heshima, yamechongwa mpaka huoni pa kuweka kidole. Pikipiki za umeme zinapita chini yake bila kupunguza mwendo. Mbele kidogo ni ngome ya maji, bandari iliyozungushiwa ukuta, ya tangu 1376, ambapo kijana yule alijifunzia kazi.

Nyumbani hali haikuwa nzuri kama malango. Mkewe, Bi Wang, alikuwa mwanamke wa shoka. Husimuliwa kwamba mwaka 1561 maharamia walipoujia mji wa Xinhe na mumewe hayupo, aliwavalisha wanawake nguo za askari akawapanga ukutani na bendera, maharamia wakasita. Hakumpatia mwana aliyekua. Qi akachukua masuria kwa siri, wakazaa, na siri ikafichuka. Bi Wang aliingia na kisu, na jenerali ambaye maharamia walimkimbia akaenda kumlaki mkewe akiwa amevaa deraya chini ya nguo. Walilia, wakasuluhishana kwa mtoto mmoja kulelewa na Bi Wang, mtoto akafa. Mwishowe Bi Wang alikusanya mali yake akarudi kwao.

Mwaka 1582 alifariki waziri mkuu Zhang Juzheng, aliyemkinga Qi miaka yote. Qi alimpelekea zawadi nyingi, na siwezi kuandika hapa kwamba mwana alifuata mfano wa baba kikamilifu. Asingempelekea, nani angemlipia minara? Maadui wa Zhang wakaanza kusafisha kila aliyekuwa wake. Qi akahamishiwa Guangdong 1583, akaachishwa kazi 1585, akarudi hapa akiwa mgonjwa. Akafa mwanzoni mwa 1588, mke hayupo, na inaandikwa kwamba hata dawa zilimshinda kununua.

Akiwa Guangdong alikipitia upya kitabu chake, toleo la 1584. Sura ya ngumi akaitoa. Nimemuuliza mpwa arudie kuangalia, maana hilo nililitaka nilione kwa macho yangu: kwenye duka la vitabu karibu na hekalu lake tulikuta toleo zote mbili, la sura 18 na la sura 14. La pili ngumi hakuna. Muuza duka, alipoelewa tunatafuta nini, alitutolea kitabu kingine kutoka rafu ya chini, kilichochapwa Korea.

Wakorea walikuwa wameshambuliwa na Japani 1592, wakaona Pyongyang jinsi askari wa kusini walivyopigana, mfalme wao Seonjo akatafuta kitabu kilichowafundisha. Mwongozo wao wa kwanza wa 1598 una silaha sita, na ndani yake mna langxian, ngao ya henzerani, mkuki mrefu na uma wa meno matatu, kikosi kile kile cha Linhai. Ngumi hazimo. Kufikia 1790, walipochapa mwongozo mkubwa wa silaha na mbinu 24, mikono mitupu ilikuwa imerudishwa, na mikao aliyoifuta jenerali imechorwa upya, watu wawili wawili, wamevaa suruali za Kikorea. Bei alitaka yuan 160. Nikampa 90, akakataa, tukamalizana kwa 120.